Sifuri Kumi na Mbili za Subilaga

Wifi Subilaga,

Sikuulizi hali. Mara ya mwisho nilipokuuliza ulinong'ona kwamba huna neno, nami nikaandika hivyo hivyo.

Nakuandikia nikiwa Makandana, nyumbani kwa mama mdogo, kwa sababu nyumbani kwetu Kawetele siwezi kukaa. Nikikaa natafuta mtu wa kugombana naye. Nina hasira, wifi, na nakuambia mapema usije ukahangaika kuitafuta katikati ya mistari. Nina hasira na Daktari, yule mhadhiri wangu wa saikolojia. Nina hasira na baba yangu, mkweo. Na kaka yangu Ipyana, mumeo, aliyekuwa akirudi kutoka kiwandani, anakula, analala, wala hakuona kwamba sahani yako inarudi jikoni na chakula chake. Nimejikasirikia mimi kuliko hao wote. Wewe nawe umo. Usidhani kufa kumekuokoa na ulimi wangu.

Habari za huku ni chache. Kiwanda cha chai kimeuzwa, mwenye mali mpya kapunguza watu, na Ipyana ni miongoni mwao. Sasa anauza mitumba pale stendi ya Tukuyu. Anaita wateja kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, halafu akifika nyumbani haongei. Tulikuzika pembeni ya mwanao Lusekelo, kule migombani, na baba amepanda maua ambayo mbuzi wameshayala.

Habari kubwa ni kwamba ripoti imetoka. Ni nene, ina jalada la bluu, na inasema kwamba akina mama wa Rungwe waliofiwa na watoto wachanga wanaubeba msiba vizuri, kwa nguvu ya ukoo na kanisa. Wewe umo humo. Jina lako halimo, una namba, na namba yako ni mojawapo ya zile zinazothibitisha kwamba wanaubeba vizuri.

Unakumbuka nilivyokuja na mradi ule. Siku hizi chuoni bila mfadhili hakuna linalokwenda, na mwanafunzi aliyepata nafasi kwenye utafiti wa wafadhili anaonekana kazaliwa na bahati. Kazi yetu ilikuwa kuwauliza maswali kumi na mawili akina mama waliofiwa na mtoto mwaka ule. Atakayeonekana kulemewa angeandikwa kwenye orodha, na muuguzi aliyefundishwa kusikiliza angekuwa anamtembelea nyumbani. Jina lako lilipotoka kwenye daftari la kijiji nilimwambia Daktari kwamba huyu ni wifi yangu. Akasema, "Vizuri, atakuwa huru na wewe." Nikaja Kawetele nikiwa na furaha kama mtu anayeleta dawa.

Jioni ile tulikaa jikoni tukimenya ndizi, ukaniuliza hicho ninachosomea ni kitu gani hasa. Nikaanza kujitapa. Nikakuambia kwamba elimu ya nafsi ilikaa karne nyingi ndani ya falsafa, wazee wa Ugiriki wakibishana roho inakaa wapi, hakuna aliyepima kitu. Kisha Mjerumani mmoja akafungua maabara, akawaketisha watu mbele ya saa, akawauliza wanahisi nini wakisikia mlio. Ukaacha kumenya. "Wajerumani hawa hawa waliojenga boma letu?" Nikasema ndiyo, wa nchi hiyo hiyo. Ukasema, "Basi wangewauliza na babu zetu walihisi nini." Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka.

Nikaendelea. Nikakuambia juu ya tabibu wa kule Ulaya aliyewalaza wagonjwa kwenye kochi wakasimulia ndoto na mambo ya utotoni. Nikakuambia na wale Wamarekani waliosema yaliyo moyoni mwa mtu tuachane nayo, hayapimiki, tutazame anachofanya tu, wakafungia panya kwenye vizimba kujifunza juu ya binadamu. Ukasema hao walikosa shamba la kulima. Nikakutajia matawi yake: saikolojia ya watoto, ya shule, ya makazini, ya wagonjwa wa akili, ya jamii. Ukauliza, "Na ya wakwe? Tawi la wakwe hamna?" Tukacheka tena. Tulicheka, Subilaga. Ulinitajia kabisa, kwa mdomo wako, na mimi mtaalamu nikaona ni mzaha.

Halafu ukasema bila kuniangalia: "Wifi, kuna jambo nataka nikuambie. Tangu Lusekelo aondoke..."

Na mimi nikanyanyua mkono. Nikakuambia subiri, usiniambie leo, kesho nitakuuliza kwenye dodoso, ukiniambia sasa majibu yatakuwa yameshaguswa. Nilitumia neno hilo, yameguswa. Ukanitazama, ukasema, "Haya." Ukachukua ndizi nyingine.

Kila nikifika hapo kwenye kumbukumbu natamani kujipiga kofi, na kuna siku nimejipiga.

Sisemi kwamba walichonifundisha ni upuuzi. Ukitaka kulinganisha majibu ya watu mia lazima wote waulizwe swali lile lile, kwa mpangilio ule ule, mahali pa namna moja, na mwulizaji asitie mkono wake. Ukimuuliza mmoja kwa upole na mwingine kwa haraka, hujawapima wao, umejipima mwenyewe. Hilo ni kweli, na mtihani wake nilifaulu vizuri. Mwongozo wetu ulisema: mahojiano yafanyike sebuleni kwa mhojiwa, mkuu wa kaya awepo kutoa idhini na abaki karibu. Ulisema pia kwamba asiyejibu ahesabiwe amesema hapana, yaani sifuri.

Asubuhi yake baba akavaa koti la kanisani. Akaleta kiti chake sebuleni, akazima redio, akakaa, mwenye fahari kwamba binti yake wa chuo kikuu anafanya kazi ndani ya nyumba yake.

Haya ninayoandika sasa uliyaishi wewe, huhitaji kuambiwa, lakini nataka niyaone yameandikwa kwa mkono wangu. Tangu ulipoolewa hukuwahi kukutana macho na mkweo. Akija njiani ulijitupa pembeni kwenye majani mpaka apite. Jina lake hukulitamka, na sauti yako hukuiacha ifike masikioni mwake. Wengi wameshaiacha mila hiyo, na baba mwenyewe, mzee wa kanisa, alikuwa akisema ni mambo ya kale. Lakini wewe ulilelewa na bibi yako, naye alikufunza kwamba hiyo ndiyo heshima, ukaishika. Na mimi nimezaliwa humo. Nilijua. Nilijua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani, na bado nilikukalisha kwenye mkeka nyuma ya mlango wa chumba, mimi nikakaa mlangoni na ubao wangu wa kuandikia, na baba hatua nne kutoka pale.

Nikauliza kwa sauti ya kitaalamu. Je, umekosa usingizi? Ukatikisa kichwa, umejifunika khanga, uso ukutani. Je, umepoteza hamu ya kula? Ukanong'ona, hapana. Je, umewahi kuona ni heri usingekuwepo? Hukutikisa kichwa wala hukunong'ona. Nilingoja kama mwongozo ulivyosema, nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, nikaandika sifuri. Ziko sifuri kumi na mbili kwenye karatasi yako, na mwandiko ni mzuri, hakuna hata mahali pamoja palipofutwa. Niliposimama ulinishika mkono, ukaung'ang'ania. Nikadhani unaniaga. Gari la mradi lilikuwa linapiga honi barabarani, tulikuwa tunangojwa Masukulu.

Baada ya miezi miwili Ipyana akanipigia simu chuoni. Walikukuta migombani, kwenye kaburi la mtoto uliyemngoja miaka sita, umekaa mvuani tangu asubuhi. Haikuwa mara ya kwanza, ila siku hiyo hukuweza kusimama. Hospitali wakaandika homa ya mapafu, na aliyeandika hakukosea, aliandika alichokiona. Hakuna aliyemwambia kwamba mwili ule ulikuwa umeacha kula tangu kiangazi.

Na yule muuguzi wa kusikiliza? Alikuja Kawetele, wifi. Alikuja mara tatu. Alipita mbele ya geti letu akienda ng'ambo ya mto kwa mama mwingine aliyekuwa kwenye orodha. Mkwe wa mama yule alishakufa zamani, kwa hiyo siku ya dodoso aliongea mpaka nikakosa pa kuandika. Sasa anaimba kwaya. Jumapili nilimwona kanisani amenenepa, akanisalimu kwa furaha, nikashindwa kuitikia. Mungu anisamehe kwa hilo, yule mama hana kosa.

Nilikwenda kwa Daktari. Nikamweleza juu ya mkwe, nikamweleza juu ya kimya chako, nikamwomba aitoe karatasi yako kwenye hesabu. Akaniambia, "Tumpale, mtu mmoja habadilishi wastani." Nikamwambia huyo mtu mmoja ni wifi yangu. Akasema, "Pole sana. Lakini utafiti hauna wifi." Alichonifanyia ni kuongeza sentensi moja karibu na mwisho wa ripoti: baadhi ya wahojiwa walikuwa wachache wa maneno. Basi. Uhai wako wote umepewa sentensi hiyo, na humo pia mko wengi.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akaniuliza taratibu: "Mimi natoka pwani. Mila hiyo ningeijuaje? Mwenyeji alikuwa nani?" Ndiyo maana namchukia, kwa sababu alisema kweli.

Na wewe. Kwa nini ulisema "Haya" tu? Wewe uliyekuwa ukiimba shambani mpaka ng'ambo wanakuitikia, wewe uliyemtania Ipyana mbele ya rafiki zake mpaka akakimbia, jioni ile ungeshindwa nini kunimwagia maganda ya ndizi kichwani? Ungesema, tupa karatasi zako huko, mwanamke, nakufa. Ningekusikia. Nataka kuamini kwamba ningekusikia. Lakini aliyepiga hodi akaambiwa aje kesho, na kesho akakuta mlango una mlinzi, hawezi kulaumiwa kwa kurudi kwake. Najua. Hasira haijui, lakini mimi najua.

Tulipoanua matanga baba aliniita nyuma ya nyumba. Nilikwenda nimejiandaa kumvunjia heshima, nimeshapanga na maneno. Akaniambia, "Tumpale mwanangu, nimekaa na yule binti miaka saba. Hata mimi nilikuwa nikisikia yuko njiani nazunguka, nisimsumbue kujificha. Sauti yake ilikuwaje?"

Nikajaribu kumweleza. Sauti ya mtu haielezeki, wifi. Nikasema ilikuwa nzito kidogo, na ukicheka ilipanda. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Halafu akasema, "Siku ile nilikaa pale kwa sababu karatasi yako ilisema nikae. Ungeniambia nitoke, ningekwenda kukata majani ya ng'ombe."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yakaniishia. Neno moja tu, baba toka, na angetoka. Sikulisema kwa sababu halikuwa kwenye mwongozo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nakala za madodoso yangu nilibaki nazo. Nimeyapitia moja moja, nimekumbuka kila nyumba, nani alikaa wapi, na nani alikuwa sebuleni. Mbali na wewe, wako akina mama saba waliotoka sifuri tupu huku wakwe zao wakiwa karibu. Saba, na wote tumewaandika kwamba ni wazima. Nimemwandikia Daktari kwamba ripoti ile sitaitumia kwa shahada yangu, na nimemtumia majina ya hao saba ili muuguzi apangiwe. Amejibu kwamba mradi umefungwa, wafadhili wameondoka, na nikishikilia msimamo huu nitarudia mwaka. Basi nitarudia.

Nakuahidi hivi, Subilaga. Nitawafikia wote saba, kila mmoja mahali anapokuwa peke yake, awe shambani, awe mtoni. Sitabeba ubao wala kalamu. Atakayetaka kulia nitakaa naye, na asiyetaka kusema lolote nitamsaidia kupalilia, nirudi siku nyingine. Hata huyo muuguzi nimeshajua anakaa wapi, naye amekubali kunisikiliza walau mara moja.

Wa kwanza ni mama mmoja wa Masukulu ambaye watoto wake mapacha, wote wawili, walikufa wiki moja. Leo mchana nimeulizia habari zake kwa akina mama wanaouza parachichi hapa. Mmoja anamfahamu. Amesema alimwona gulioni jana, hakununua kitu, hakuuza kitu, alisimama tu mpaka watu wakatawanyika.

Kwa hiyo jana alikuwa bado yupo.

Kwaheri, wifi. Gari la kwanza la kwenda huko linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nitakuwa ndani yake.

Wifi yako,
Tumpale