Kasuku Asiyepiga Kelele

Mama yangu,

Shikamoo. Najua utaitikia hata kama umeninunia, maana hujawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Ulipoondoka ulisema unakwenda Tanga kumsalimia mama mdogo, utakaa kidogo tu. Mfungo umeingia na kutoka, na kila nikikupigia unaniambia, "Niko salama, mwanangu, wewe fanya kazi zako." Ninayotaka kusema yananishinda kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Nakumbuka siku zako za mwanzo hapa Upanga. Ulitoka Ilala, kwenye nyumba ambayo ukikohoa chumbani, mpangaji wa uani anakupa pole. Baba alipofariki sikutaka ubaki peke yako, nikakuleta ghorofa ya nne. Siku ya kwanza tu ukajua kushusha kikapu kwa kamba kutoka balkoni, kama wanavyofanya wote humu. Tofauti ni kwamba wenzako humpigia muuzaji simu, kisha wanashusha kimya. Wewe uliita. "We muuza mchicha! Usinipite! Mkeo kajifungua salama?" Mtaa mzima ukajua habari za uzazi wa watu. Jirani wa mlango wa pili akaniambia kwenye ngazi, huku akitabasamu, kwamba mama yangu ana sauti. Nikatabasamu pia. Nilipoingia ndani nikakwambia, "Mama, taratibu. Majirani."

Nikakwambia tena ulipocheka na simu, ulipotwanga saumu, ulipoimba kaswida jikoni. Sikukugombeza hata siku moja, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Ndipo ukaomba kasuku. "Nyumba hii haina hodi," ulisema. Ulitaka kama yule wa bibi, aliyekuwa akiwakaribisha wageni kabla ya wenye nyumba. Tukaenda Kariakoo, kule wanakouza kuku na njiwa. Muuzaji akakuletea kasuku mkubwa, akaapa, "Mama, huyu ni noma, anasalimia mpaka wapita njia!" Ndege akakupigia mluzi, ukamjibu, watu wakacheka, nawe ukaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba. Mimi nikawa naangaza macho huku na huku, utadhani na Kariakoo kuna jirani wa mlango wa pili.

Nikamwambia muuzaji tunaishi ghorofani, tunataka mdogo, asiyepiga kelele. Akatuonyesha kasuku mdogo wa buluu, kajikunyata pembeni ya tundu wakati wenzake wanagombania mtama. Ulimtazama sana.

"Haya, tumchukue huyu," ulisema. "Anajua kukaa kwa watu."

Nikajifanya sikuelewa. Ukampa jina la Mgeni, na hapo pia nikajifanya sikuelewa. Tangu siku hiyo ukawa unazungumza naye kwa kunong'ona, kikapu ukaniachia nishushe mwenyewe nikirudi kazini. Na ukijisahau ukacheka, nilikwambia yale yale. Nami nikawaambia wenzangu ofisini kwamba mama sasa ameyazoea maisha ya ghorofani. Nikikumbuka maneno hayo natamani ardhi ipasuke nizame.

Hazikupita siku nyingi baada ya wewe kuondoka, Mgeni akaanza kusema. Nilikuwa nakunja nguo, nikasikia, "Mama, taratibu." Kisha tena, "Mama, taratibu. Majirani." Kwa sauti yangu, Mama, pamoja na ule upole wangu wa uongo. Ulishinda naye mchana kutwa, ukamlisha kwa mkono wako, lakini aliyoyashika ni maneno yangu. Nilimwonea ndege aibu. Nikalifunika tundu kwa kanga yako, na sikumwambia mtu.

Jana muuza mchicha alipita. Nikashusha kikapu bila kusema neno. Akainua uso.

"Bi mkubwa yuko wapi siku hizi?"

"Kasafiri," nikasema.

"Sikusikii, dada!"

"Kasafiri!"

"Anarudi lini?"

Nikapaza sauti ambayo sijaipaza tangu utotoni: "Sijui! Nilimnyamazisha mwenyewe, akaondoka!"

Jirani wa mlango wa pili akatoka kwenye balkoni yake kunitazama. Muuza mchicha akabaki na fungu mkononi, hajui aweke kikapuni au asiweke. Na kutoka ndani, nyuma yangu, Mgeni akasema, "Mama, taratibu. Majirani."

Sasa nimeyaonja. Ni maneno mepesi, hayana tusi hata moja, lakini yanamfanya mtu ajione amezidi ndani ya nyumba. Nilikaa chini pale pale nikalia, na wala sikulia taratibu.

Mama, nimekosa, na naona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Rudi. Kanga nimeiondoa kwenye tundu. Mgeni anahitaji kufundishwa maneno mengine, na mimi pia. Siku utakayokuja nitakuwa balkoni tangu asubuhi. Ukifika pale chini usinipigie simu.

Niite.

Binti yako