Gari Lisilo na Alama ya Ukoo

Lodwar, Jumamosi jioni, 1996. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na joto la kukausha mate mdomoni. Nina furaha na nina hasira, na sijui niandike ipi kwanza.

Naanza na hasira. Ndiyo niliyo nayo nyingi.

Leo nimenunua gari. Mji mzima unajua tayari, na kila mtu ana maoni, hata wale ambao hawajawahi kumiliki baiskeli. Mwalimu mwenzangu, ambaye gari analijua kwa kupewa lifti tu, amenieleza habari za giaboksi. Mwenye duka jirani ameniambia mwanamke mjane anahitaji gari la juu, la kupanda milima. Mlima gani? Kutoka nyumbani kwangu hadi shuleni ninakofundisha ni lami tupu. Watu wa Lodwar ni hodari sana wa kukununulia gari kwa mdomo.

Mimi nilitaka gari dogo, la chini, lenye milango minne na buti nyuma, linaloshika barabara na kuitikia ukilikanyaga. Gari la raha. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu sijaweza kulitamka mbele ya mtu. Mjane akisema anataka raha, watu hutazama chini kana kwamba ametapika.

Pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu imezeeka. Inakunywa oili, gia ya pili inaruka, na mlango wa dereva unafungwa kwa kamba. Lakini uzee ningeuvumilia. Nisichovumilia ni mlango ule wa upande wa abiria. Mume wangu alipoinunua alichora hapo, kwa rangi nyeupe, alama ya ukoo wao, ile wanayowachoma ng'ombe na ngamia kwa chuma cha moto ili wajulikane ni wa nani. Aliichora huku akicheka. Ulikuwa utani wa mtu aliyesoma.

Ndugu yake mkubwa, Ewoi, hakucheka. Kwa Ewoi, chenye alama ni cha ukoo, na tangu siku hiyo pikapu ikawa ngamia wao.

Imebeba mbuzi wao, kuni zao, wagonjwa wao, na wakwe wa wakwe zao. Mume wangu alipofariki nilifikiri wataniacha nipumue. Thubutu! Ndio kwanza wakaanza kunituma. Dereva mimi, petroli yangu, mwenye gari Ewoi, ambaye hata boneti hajui inafunguliwa wapi.

Mwaka huu akavuka mpaka. Alisema mbele ya wazee kwamba matanga yamekwisha, kwa hiyo pikapu na anayeiendesha waingie bomani kwake, kama desturi ya kurithi wajane inavyotaka.

Alisema kwa mpangilio huo huo. Pikapu kwanza.

Basi nilisikia kwamba kule Kakuma kuna mhasibu wa shirika moja la wakimbizi, kijana wa Nairobi, amehamishwa na anauza gari lake. Leo asubuhi nikatoka kwenda kuliona. Ewoi nilimkuta ameshaketi ndani ya pikapu, na fimbo yake, na kile kigoda chake cha kulalia kichwa, na mbuzi wawili nyuma. Sikumwalika. Ewoi haalikwi, hutokea tu, kama upele.

Mhasibu alikuwa akitusubiri nje ya ofisi yao, miwani myeusi usoni, anazungusha funguo kidoleni. Ameishi Kakuma muda wote huu na bado anasema "huku kwenu" kana kwamba anazungumzia mwezini.

"Madam, hii si gari ya kubeba sukuma wiki," aliniambia. "Hii ni mashine. Ukiigusa tu, imeenda. Ama mzee ndiye ataendesha?"

Nilimwambia ahamie kiti cha abiria.

Tukashika lami ya Lokichoggio. Mwanzoni niliendesha kwa adabu, kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe. Kisha nikaongeza. Usukani ulikuwa mwepesi, gia zinaingia bila kubembelezwa, na injini ikawa inataka zaidi kila nilipoipa. Barabara inapoteremka kuvuka laga, lile korongo la mchanga, gari lilishuka na kupanda kwa mkupuo mmoja, nikapiga kelele. Mimi, mwalimu, mwenye binti shule ya bweni. Halafu nikacheka. Sijacheka hivyo tangu mazishi.

Mhasibu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na miwani imemwangukia mapajani. Hilo pekee lilistahili bei aliyoitaka.

Tuliporudi ikawa zamu ya Ewoi. Alilizunguka gari kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Akainama kuangalia chini, akapima kwa fimbo nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi, akasonya. Akataka buti lifunguliwe. Akamtia mbuzi mmoja. Wa pili hakuingia, akasukumwa, akagoma, akamkanyaga wa kwanza, wote wakaruka nje wakilia. Watu walikuwa wamejaa. Mama mmoja Msudani anayeuza chai pale aliweka birika chini ili acheke vizuri.

"Hii si gari," Ewoi alitangaza. "Hii ni kiatu. Mimi siweki alama yetu kwa kiatu. Ukinunua hii, Mama Nakiru, ni yako peke yako. Ukoo haiko ndani."

Alidhani ananitisha! Maskini. Miaka yote nimetafuta mzee wa kuniambia maneno hayo, kumbe dawa ilikuwa buti dogo. Mzee akikataa kuweka alama mbele ya watu, hawezi kurudi kesho kudai. Hiyo ni desturi yao wenyewe, na Ewoi anaijua kuliko anavyojua majina ya wanawe.

"Na anayeiendesha?" nikamuuliza kwa sauti, kila mtu asikie. "Si ulisema gari na dereva wake ni kitu kimoja?"

Kiburi ni kitu kibaya. Angeweza kunyamaza. "Anayeendesha kiatu," akasema, "aende na kiatu yake!"

Wanawake wa Kiturkana waliokuwa pale wakapiga vigelegele. Waliosikia walikuwa wengi kuliko wazee wowote atakaowaita.

Nikamlipa mhasibu. Kisha nikamwendea Ewoi na kumkabidhi ufunguo wa pikapu kwa heshima zote. Mali ya ukoo, shemeji, nikamwambia. Aliupokea, akaugeuza, akaangalia pikapu, akaangalia ufunguo tena. Mwenye gari hajui kuendesha. Nilikuwa najiandaa kucheka kwa mara ya pili leo.

Ndipo akaniuliza, polepole, bila umati kusikia: "Na mama? Hii yako itafika Kaikor?"

Nikainama kutazama tumbo la gari langu, lilivyo karibu na ardhi.

Mama ni mama yao, mkwe wangu. Anaishi Kaikor, mbali na lami, kwenye mchanga na mawe. Siku ya mazishi, wengine wakihesabu mifugo, yeye alinishika mkono akasema mimi ni mtoto wake na nitabaki mtoto wake, nikiolewa nisiolewe. Kila shule zikifungwa nampelekea sukari na tumbaku, tunakaa, hatuongei sana. Katika ukoo ule wote ni mtu mmoja tu nisiyemdharau, na ni yeye ambaye gari nililonunua haliwezi kumfikia.

Ewoi nimemwacha Kakuma akitafuta dereva, nikarudi Lodwar katika msafara wa kujikinga na majambazi wa barabarani, askari mbele ndani ya lori lao bovu, mimi na mashine yangu nyuma yao tunatambaa kama kobe. Askari walipotuachia karibu na mji nikalipita lori lao, nikayapita magari yote. Raha ilikuwepo. Naapa ilikuwepo. Lakini swali la Ewoi lilikuwa limekaa kiti cha abiria, na lile pumbavu siwezi kulisamehe kwa kuuliza jambo la maana mara moja maishani mwake.

Mshika mbili moja humponyoka. Nami ndiye ninayewafundisha watoto wa watu methali.

Pikapu siirudii. Bomani kwa Ewoi siingii. Kesho, kanisa likiisha, nitaendesha gari langu mpaka stendi ya malori, niliegeshe palipo na watu wengi kuliko pote, niulize lori la Kaikor linaondoka lini. Wacheke wanavyotaka. Nitapanda juu ya magunia kama wengine, na tumbaku ya mama mapajani.