Kwa Baba Salma, Kuhusu Safari ya Skauti

Mume wangu, Baba Salma,

Watoto wako wa skauti wanakwenda tena porini Ijumaa hii, na mara hii aliyepanga ni mimi. Najua ungecheka. Mwanamke ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba ya bati, leo anagawa mahema.

Atakayewaongoza ni Hamisi, yule kijana aliyekulia kikosini kwako na sasa ni mwalimu. Alikuja baada ya arobaini yako, akakaa kwenye kiti chako bila kujua, akaniambia miguu anayo ila mpango hana, maana wewe hukuwahi kuandika kitu. Ni kweli. Msitu wote wa Pugu ulikuwa kichwani mwako, na umeondoka nao. Nikatoa ramani niliyofundishia jiografia miaka thelathini. Nikamweleza kwamba kontua, ile mistari ya mwinuko, zikikaribiana, hapo pana mlima mkali, na mtoto mwenye begi mgongoni atatumia muda mara mbili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanionyesha kijito nilichokitegemea kwa maji. Hicho, akasema, hukauka kabla ya mvua.

Basi tukaanza kukukumbuka wewe, kipande kwa kipande. Yeye alikumbuka bomba la shule iliyo chini ya kilima. Mimi nilikumbuka sebule yetu hapa Tandika, siku moja kabla ya safari, mabegi kumi na mawili yamemwagwa mkekani. Mama zao walikuwa wamefungasha mito ya kulalia, ndala jozi tatu tatu, hata hotpoti ya pilau. Nilitaka kuwaeleza kipi kibaki na kwa nini. Wewe ukawaambia warudishe kila kitu begini, ukawatuma wauzunguke mtaa mara tatu juani. Nilikuuliza kwa nini usiwaambie tu.

"Nikiwaambia watabishana na mimi," ulisema. "Wakibeba watabishana na begi."

Mzunguko wa pili, ndala zilishaanza kubaki barazani. Pilau tuliila sisi.

Lakini tatizo langu mwaka huu halikuwa mabegi. Lilikuwa Mama Jamila. Anauza ndizi Buguruni, na mwanawe ndiye kiongozi wa wasichana kikosini. Alikataa kutia saini fomu ya ruhusa. Mama wengine wanne wenye mabinti wakasema kama Jamila haendi, basi na wao hawatoi watoto wao. Hamisi angebaki na wavulana watano, na safari ingekufa. Sikutaka kikosi chako kife mikononi mwangu.

Nilimwita kwenye kikao, nikamweleza kwa saa nzima: zahanati iko umbali gani, nani atabeba sanduku la huduma ya kwanza, simu zinashika mtandao sehemu zipi. Alisubiri nimalize.

"Mwalimu, nimekuelewa vizuri sana," alisema. "Bado naogopa."

Nikaikunja ramani yangu.

Kesho yake nilimfuata sokoni bila ramani. Aliniamkia, akanigeuzia ndoo nikalie, akaendelea kukata chane za ndizi. Alinitania kwamba kama nimekuja kufundisha, wanafunzi alionao ni ndizi tu, na hazijui kuuliza maswali. Nikacheka. Kisha nikajikuta namwambia jambo ambalo wewe sikukuambia miaka yote ya ndoa yetu: kwamba kila ulipokwenda porini niliogopa. Nilifua mapazia yaliyokuwa masafi. Nilipika nikashindwa kula. Kila simu ilipolia niliikimbilia.

Mama Jamila aliweka kisu chini.

"Sasa akirudi ulikuwa unamwambiaje?"

"Nilikuwa namwambia avue viatu nje, nimedeki."

Alicheka mpaka jirani yake wa nyanya akageuka kututazama. Na mimi nilicheka, huku machozi yakinitoka. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akaniomba kalamu na ile fomu, na kabla hajatia saini akatoa sharti lake.

"Siku hizo mbili nitalala kwako, Mwalimu. Mie peke yangu kule nyumbani siwezi."

Nikamwambia karibu, kitanda kipo. Wale mama wanne walipopata habari wakatia saini, na sasa wanakuja pia. Mmoja ameshaniuliza kama bado nina mapazia ya kufua.

Nakuandikia kwa sababu wakati naondoka sokoni, Mama Jamila aliniuliza kama wewe ulijua. Nilimjibu sijui. Wewe hukuwa mtu wa maneno mengi. Ulivua viatu nilivyokuambia, ukaja jikoni miguu peku, ukasimama karibu yangu mpaka chai ichemke, na wala hukuwa na haraka ya kwenda kuoga. Labda ulijua. Kama hukujua, mume wangu, nakuambia leo: nilikuwa nakungoja. Saa zote nilikuwa nakungoja.

Jumapili watoto wakirudi na vumbi lao, nitafungua mlango na kuwaacha waingie hivyohivyo mpaka sebuleni. Sakafu nitadeki Jumatatu.

Mungu akulaze pema.

Mkeo,
Mama Salma