Wiki Niliyoshindwa Kuandika

Mjukuu wangu Tumpe,

Ugonile, mama. Huku Bujonde tupo, ila maji yamelala kwenye mpunga na kifua cha babu yako hakijapoa.

Umeniuliza kama uwakaribishe wenzako kwenye blogu yako ya imani au uendelee kuandika peke yako. Nikusimulie yaliyonipata.

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, karatasi zilizokuwa adimu zilianza kupatikana madukani. Padre alifika kigangoni mara chache, hivyo kila Jumapili nilibandika tafakari yangu kwenye mlango wa kanisa, na watu wakaisoma. Kisha mjomba wako, mwanangu wa kwanza, akafariki. Nilishika kalamu, neno halikuja. Hata sala haikuja.

Jirani yangu Anyosisye, aliyekuwa akiuza vitenge kutoka Malawi, akaja jikoni kwangu.

“Nipe karatasi,” alisema. “Jumapili hii nitaandika mimi.”

“Utaandika nini?”

“Kwamba umeshindwa kusali, na sisi tunakuombea.”

Akaandika hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata akaandika mfinyanzi mmoja wa ziwani aliyefiwa na mume, kisha wengine wakafuata.

Nilirudi kuandika baada ya muda mrefu, lakini si kwa uhakika ule wa mwanzo. Habari za mjomba wako sijaweza kuziandika hadi leo. Waliziandika wenzangu, nami nilizisoma pale mlangoni, nimebanana na watu, tukilia pamoja.

Ndaga kwa kuniuliza.

Bibi yako