Kamba ya Gome Kwenye Mti wa Mzinga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Tura hatujambo. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Kiti cha marehemu bibi yako bado kiko barazani, hakuna anayekikalia.

Umeniandikia kwamba maabara yenu inatafuta alama kwenye mkojo na kwenye uvimbe, ili ijulikane saratani ipi ya kibofu itatulia na ipi itasambaa. Unauliza kama ningetaka kujua mapema habari ya uvimbe wa bibi yako.

Nilipokuwa kijana, baba alinipeleka porini kukagua mizinga ya nyuki. Aligonga kila mzinga, akasikiliza. Nyuki wakivuma kwa unyonge, alifunga kamba ya gome kwenye mti wao. Safari iliyofuata, nikaupita mti wenye kamba.

"Unakwenda wapi, bwana mkubwa?"

"Huo si umeshaukatia tamaa, baba?"

Akacheka. "Sasa ningepoteza kamba yangu kwa nini? Yenye kamba ndiyo tunaanza nayo!"

Mzinga ule tulikuta siafu wanaupanda, tukawawahi. Mwingine wenye kamba ulikuwa mtupu tayari.

Uvimbe wa bibi yako ulionekana mdogo, sawa na wa wenzake wodini. Tukarudi kulima mpunga, tukingoja tarehe ya hospitali. Wake ukasambaa; wenzake wapo hadi leo.

Ndiyo, Neema, ningetaka kujua. Pengine tungechelewa vilevile, lakini ningemrudisha hospitali kabla ya mavuno.

Anayekuombea katika kazi hiyo,
Babu