Suruali Zenye Miguu ya Kushoto Tu

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi ya mawingu mazito, hakuna upepo.

Dada, shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na kochi lake. Mimi nipo. Zaidi ya hapo ningekuwa naongopa.

Uliuliza mbona sipigi simu. Simu inataka mtu mwenye mate mdomoni. Daktari amenipa kidonge cha sonona, kimoja kila asubuhi, na leo ni siku ya nane. Kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi wameandika "huenda ukahisi kichefuchefu kidogo." Aliyeandika hiyo "kidogo" ningependa nimshike shati nimpeleke chooni kwangu saa mbili asubuhi. Ulimi unaniganda mdomoni. Naamka nimelowa jasho. Kazini napiga miayo mpaka Mama Pasi, yule anayepiga pasi sare, ameniuliza kama nina mimba. Kwa miaka yangu arobaini na sita!

Usingizi nao umehama. Naandika kila kitu kwenye daftari, unanijua: saa niliyomeza, tumbo lilisema nini, saa niliyolala. Juzi saa kumi alfajiri, jana saa tisa na nusu.

Huzuni yenyewe haijaguswa. Kidonge kimepita pembeni yake, kikaisalimia, kikaenda kuvuruga tumbo. Daktari anasema nivumilie wiki sita. Rahisi kwake, yeye ameketi.

Mdogo wako.

*

Jumatatu, 11 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako hajambo na kochi halijambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilidhani nimeletewa ya mtu mwingine. Sonona! Neno hilo umelitoa wapi? Mama alimzika baba mwezi wa pili, mwezi wa tatu yuko sokoni na meza yake, na hakuna aliyempa boksi lenye karatasi. Hapa shuleni nina mwenzangu alianza hivyo hivyo na vidonge. Leo anatabasamu hata msibani. Ndiko unakotaka kufika? Usingizi wameshakunyang'anya, na bado unawatunzia daftari!

Vimwage chooni. Mama akiwa sokoni mimi ndiye niliyekulea, tangu una miaka sita, na sikukulea uje uugue ugonjwa wa watu wasio na kazi. Kama umechoka, lala. Kama ni kulia, lia, ukimaliza ufue.

Dada yako.

*

Jumatatu, 25 Machi. Jua kali tangu saa moja.

Dada, shikamoo, ingawa leo naitoa kwa adabu tu. Natumai nyote wazima.

Nilikutii. Mtu mzima, mkata vitambaa, nilisoma neno "vimwage" nikasimama nikavimwaga. Ilikuwa Ijumaa jioni. Kufika Jumapili kichwa kilikuwa kinapiga shoti kama waya uliochunika. Nikigeuza macho, ubongo unafuata baadaye. Jumanne nikaenda kazini hivyo hivyo.

Kitambaa cha sare za shule kina nje inayong'aa na ndani iliyofifia. Kwa suruali tunakitandika safu moja ikitazama juu, inayofuata ikitazama chini, ili ukikata upate mguu wa kushoto na wa kulia. Hata aliyeanza kazi juzi anajua. Mimi, miaka kumi na moja bila kosa, nilitandika safu themanini zote zikitazama juu, nikakata kwa ustadi mkubwa. Vipande vya mbele themanini, vyote vya mguu wa kushoto.

Bosi aliviinua kimoja kimoja. "Fundi," akasema, "hiyo shule ina watoto wangapi wenye miguu miwili ya kushoto?" Mama Pasi alicheka mpaka akaunguza kola.

Jumatano nikarudi kliniki. Muuguzi akaniuliza, "Nani kakwambia uache ghafla?"

"Dada."

"Ni daktari?"

"Karani wa shule."

"Basi mwambie mimi nakuja kumpangia ratiba ya mitihani."

Nilicheka, Dada. Kicheko cha kwanza tangu Januari, na nilikuwa nakucheka wewe.

Nimeanza upya, nusu kidonge kwa wiki ya kwanza, baada ya chai na mkate. Awali nilikuwa nameza tumbo tupu. Sitaki barua nyingine kuhusu vidonge vyangu. Ukiiandika nitaichorea kola niikate.

Mdogo wako.

*

Jumatatu, 13 Mei

Mdogo wangu,

Wiki saba huandiki. Na mimi mikono ninayo, ila nilikuwa nasubiri uniombe radhi. Naona tutazeeka. Shemeji yako anakusalimu.

Vidonge vyako siviandiki, umenikataza. Namuulizia jirani. Nina jirani yangu hapa, mtu mzima, mwenye akili zake. Tangu mwaka jana anaamka saa nane usiku na kulala chali akihesabu mbao za dari hadi kunakucha. Majuzi aliinamia rejista ya wanafunzi akalia mpaka wino ukaenea, walipomuuliza akasema ni mafua. Amekwenda kwa daktari, amepewa boksi. Leo siku ya tatu, anatapika, anataka kuvimwaga. Nimemwambia yote ni upuuzi, kumeza na kumwaga. Ni mbishi. Nikaona nikuulize kwa niaba yake.

Usichelewe. Si kwa ajili yangu.

Dada yako.

*

Alhamisi, 16 Mei. Manyunyu alfajiri, kisha kukakauka.

Dada, shikamoo.

Huna jirani. Upande mmoja una ghala la mbao, upande wa pili barabara, nyuma ukuta wa kiwanda. Na angekuwepo mngekuwa mmeshagombana. Karani mzima, hata uongo huwezi kuupanga.

Basi mwambie jirani ale kwanza, ndipo ameze. Awe na chupa ya maji kazini. Asimwage kitu; akitaka kuacha, akaseme kwa daktari. Mawazo yakiwa mabaya kuliko aliyoyazoea, asiniandikie barua, aende hospitali saa hiyo hiyo. Siku ya nane na ya tisa ni za kishenzi, azipite akiwa amenuna. Kwangu tumbo lilinyamaza wiki ya nne. Furaha sijaiona, usimdanganye. Lakini juzi nilimkasirikia Mama Pasi, nikaona raha. Februari sikuwa na nguvu hata za kumchukia mtu.

Nimeomba ruhusa siku nne. Jumamosi nakuja na basi la saa mbili. Nitakutazama ukimeza, kama ulivyokuwa unanitazama nikinywa dawa ya minyoo. Ukitapika nitakucheka kwanza, kisha nitakushika kichwa.

Mdogo wako.

Nimemnakilia jirani kutoka daftarini: jana nilimeza saa moja na robo asubuhi. Tumbo kimya. Nililala saa nne na dakika ishirini usiku.