Kurasa za Hamadi

Kindu, Kasuku, tarehe 3 mwezi wa munane 2002

Mudogo wangu Soudi,

Mama, kaka yetu Hamadi na mimi tunakusalimia sana. Sisi tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Na wewe, ile malaria imeisha? Mujomba Amuri anakuangalia vizuri huko Lubutu?

Hapa wenye silaha wamezunguka muji. Shambani hakuendeki, tunakula matembele ya nyuma ya nyumba.

Uliandika kama muchezo wetu wa kusimulia hadithi ulikufa siku uliondoka. Haukufa. Kile kitabu cha Kifaransa cha Mwalimu Gédéon kimenyeshewa mvua, kimebaki karatasi-karatasi, lakini Hamadi na mimi tunaandika masharti yake upya ndani ya kaye, daftari ya shule, kwa Kiswahili, na pori letu na mito yetu. Mimi bado njo musimulizi. Nitakuandikia mambo yanayowafikia, utanijibu muntu wako anafanya nini, na Hamadi atasema wake. Kete hatuna: nimeandika namba moja mpaka makumi mbili kwenye vikaratasi, nitachomoa ndani ya kikombe; namba kubwa inafaulu, ndogo inashindwa.

Haya, sikiliza. Mufua-chuma wa Hamadi na mukimbiaji wako wamefika mbele ya muji mukubwa. Mulango ni wa chuma, na umefungwa. Mukimbiaji wako anafanya nini?

Yaya wako,
Mwanvua


Lubutu, tarehe 29 mwezi wa munane 2002

Yaya Mwanvua,

Shikamoo. Barua ilinifikia kwa wasukuma-kinga, wale wa baiskeli za mizigo, imelowa jasho lakini inasomeka. Malaria imeisha. Mujomba ni muzuri, anakoroma tu.

Mukimbiaji wangu anazunguka ukuta akitafuta tundu. Chomoa namba vizuri!

Yaya, redio inasema Kindu watu wanakufa. Wewe unaandika muko wazima. Nasema hivi: nikisikia muntu moja tu wa nyumbani amepatwa na jambo, ninashika njia ya pori kwa miguu mpaka nifike. Mujomba hatanizuia. Nina miaka kumi na ine, si mutoto tena.

Mwambie Hamadi aseme mufua-chuma wake anafanya nini. Nangoja.

Mudogo wako,
Soudi


Kindu, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2002

Mudogo wangu Soudi,

Salamu. Tuko wazima. Usisikilize redio.

Mukimbiaji wako hakuona tundu. Namba ilikuwa tatu. Hamadi anakusalimia, anasema wake amefanya hivi: nje ya mulango amekuta bibi muzee mwenye kiu, kisima kiko ndani. Mufua-chuma hana chuma kingine isipokuwa nyundo yake. Amewasha moto, ameiyeyusha nyundo, ametengeneza ufunguo. Nikachomoa: kumi na tisa. Mulango umefunguka, bibi amekunywa.

Nawe usitoke huko. Soma. Narudia: usitoke.

Yaya wako,
Mwanvua


Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Yaya Mwanvua,

Shikamoo yaya. Habari za mugongo wako? Huku wote wazima. Rehema wangu ametimiza miaka kumi. Naandika kwa telefone, lakini barua ni barua, sitafupisha.

Unakumbuka kaye uliyonipa tulipomuzika mama mwaka juzi? Nimepiga picha kila ukurasa, na barua zako zote za vita. Mwanzo tulitaka kuchapisha kitabu, lakini kitabu kitafika wapi? Barabara unazijua. Kwa hiyo mimi na Émilienne, mwenzangu anayechora, tumeutia muchezo wote ndani ya telefone. Muntu wa Kalima atacheza na muntu wa Bukavu, kila moja kwao, na kete zinajirusha zenyewe.

Wote walioujaribu wanapenda ukurasa wa ufunguo kupita mengine. Émilienne alilia. Kwa hiyo mbele kabisa nataka kuandika: «Umetungwa na Hamadi.» Tutautoa mwezi wa ine, mwezi tuliomupoteza kaka. Unakubali?

Mudogo wako,
Soudi


Kindu, tarehe 20 mwezi wa pili 2024

Mudogo wangu Soudi,

Salamu kwako, kwa mama Rehema na kwa Rehema mwenyewe. Mugongo unauma, lakini leo kuna kingine kinachouma zaidi.

Usiandike hivyo. Ukurasa wa ufunguo si wa Hamadi. Niliutunga mimi, pamoja na yote yaliyofuata katika barua zile. Hamadi hakufa mwezi wa ine 2003, njia ilipokuwa karibu kufunguka, kama tulivyokuambia uliporudi. Alikufa tarehe 30 mwezi wa kumi, 2002. Ulikuwa umeandika kama utashika pori kwa miguu, na mimi nilikujua. Ndugu moja alikuwa amekwisha kwenda. Sikutaka wawili.

Baadaye mama alikuwa akisema, «Tumwambie,» nami najibu, «Kesho.» Mama ameondoka, kesho haijafika.

Nisamehe.

Yaya wako,
Mwanvua


Lubumbashi, tarehe 30 mwezi wa tano 2024

Yaya Mwanvua,

Shikamoo. Nimenyamaza miezi mitatu. Haikuwa kazi, ilikuwa hasira. Simu zako niliziona zote, nikaziacha zilie.

Miaka makumi mbili na moja nimemuombea kaka yangu siku isiyo yake. Na nilikuwa nikijisifu kama hata katika njaa ile alinikumbuka mimi na muchezo wangu.

Mwanzo wa mwezi huu Rehema aliniuliza, «Baba, shangazi angekuambia, ungefanya nini?»

«Ningetembea mpaka Kindu.»

«Ungefika?»

Nilitoka nje, nikaisoma tena ile barua yako ya «usitoke». 

Muchezo tumeutoa wiki iliyopita. Mbele tumeandika majina mawili, Hamadi na Mwanvua. Kwenye ukurasa wa ufunguo liko lako peke yake.

Sasa niambie, yaya. Alikufa namna gani? Usinifiche hata kidogo.

Mudogo wako,
Soudi


Kindu, tarehe 6 mwezi wa sita 2024

Mudogo wangu Soudi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Matembele yalikuwa yamekwisha. Alfajiri, Hamadi na jirani yetu Ilunga walivuka reli kwenda kuchimba mihogo katika shamba letu. Wenye silaha waliwapiga risasi, moja ikamupata Hamadi. Ilunga alimurudisha juu ya kinga, mufuko wa mihogo ukiwa bado mugongoni mwa Hamadi. Alikuwa amekwisha kata roho. Makaburini hakukufikika, tukamuzika kando ya ua, pale unapopajua. Mihogo ile tuliila, Soudi. Tulilia, na tuliila.

Njoo na Rehema mwezi wa kumi, tumuombee siku yake ya kweli.

Liko jambo moja limebaki. Siku ya tatu ya kilio mama alinikuta na kalamu.

«Unamwandikia nani?»

«Soudi. Ninamwambia Hamadi anamusalimia.»

Nilifikiri atanipiga. Akakaa chini karibu yangu, akaitazama karatasi, yeye asiyejua kusoma, akasema polepole, «Andika kama Hamadi amekula, ameshiba.»

Neno lile sikuliandika. Mengine yote niliweza kuyatunga, mudogo wangu. Hilo nilishindwa.

Yaya wako,
Mwanvua